Mtoto Huyu Alale Wapi Leo?

Swali hili huulizwa katika wilaya zetu kila mara, na aghalabu huulizwa usiku. Mtoto ametolewa kwenye nyumba alimokuwa akichomwa kwa pasi. Au amekutwa stendi ya mabasi, hajui hata jina la kijiji chake. Au mama yake, aliyekuwa akimlea peke yake, amelazwa ghafla na nyumbani hakubaki mtu mzima. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto ameandika maelezo, fomu namba tatu ya polisi imejazwa, daktari amemwona mtoto. Kila mwenye wajibu ametimiza wake. Saa nne imepita, mtoto yuko kwenye benchi na mfuko wa nguo mapajani, na afisa ustawi wa jamii anapitia namba za simu yake moja baada ya nyingine akimtafuta mtu atakayemwambia: mlete.

Ndugu msomaji, naandika kukuomba uwe mtu huyo. Na kama hali yako hairuhusu, naomba umwezeshe jirani yako awe.

Serikali inapomtoa mtoto hatarini huwa imejitwika dhamana ya mzazi. Ina ofisi, ina mihuri, ina mahakama, ina magari machache na makao machache ya watoto. Mtu wa kuamka saa nane usiku mtoto akiweweseka hana budi kutoka kwenye nyumba za watu. Hili halikufichika kwa waliotunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ndani ya sheria hiyo yumo mlezi ambaye Watanzania wengi hawajawahi kumsikia, na ambaye siku hizi maafisa wetu humwita familia ya kuaminika. Sheria inamweleza kuwa ni mtu mzima, mwadilifu na mwenye maadili mema, mwenye akili timamu, anayeweza kumtunza mtoto, asiye ndugu wa mtoto huyo, na ambaye afisa ustawi wa jamii ameridhika kwamba nyumba yake inafaa. Katika maelezo hayo hamna kiwango cha mshahara. Hamna nyumba ya vigae, hamna digrii, hamna gari. Mama muuza vitumbua mwenye chumba cha akiba na moyo mtulivu anaingia. Mwalimu mstaafu na mkewe wanaingia.

Huenda umeshtuka kidogo kusoma “asiye ndugu wa mtoto huyo”. Desturi yetu inaanza na ndugu: mtoto akifiwa au akikosa malezi, shangazi anakuja, babu anakuja, mjomba anamchukua. Sheria haikuipinga desturi hiyo, na kazi ya kwanza ya afisa kesho yake asubuhi ni kuwatafuta ndugu. Tatizo ni usiku wenyewe. Usiku ule hakuna anayejua mjomba yupi ni salama. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na karibu mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wanaoumizwa hivyo mara nyingi huumizwa na mtu wanayemfahamu: jirani, ndugu, mtu anayeaminiwa na nyumba nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo katika saa zile za mwanzo, kabla uchunguzi haujafanyika, mtoto anahitaji mtu asiye upande wowote, asiyepokea simu ya kaka mtu ya kumsihi “tuyamalize kifamilia”, asiye na shamba la urithi wala heshima ya ukoo ya kulinda.

Mtu huyo hawezi kutafutwa saa nne usiku. Hapa ndipo nataka tusimame. Afisa hawezi kugonga nyumba asiyoijua na kukabidhi mtoto aliyejeruhiwa kwa watu asiowahi kuwahoji. Familia lazima iwe imeandikishwa mapema, imetembelewa, imefundishwa, na imo kwenye orodha ya kata. Wilaya yenye orodha ya namna hiyo ina pa kumlaza mtoto. Wilaya isiyo nayo inabaki na njia tatu: mtoto alale kituo cha polisi, alale wodini bila kuumwa, au asafirishwe kwenda kwenye makao ya mbali. Iko ya nne, ambayo watu wa kazi hii wanaijua: afisa mwenyewe anamchukua mtoto kwake, kwa huruma tu. Inamheshimisha afisa, lakini kata ya maelfu ya watu haiwezi kutegemea sebule moja.

Nisieleweke kwamba nayadharau makao ya watoto. Makao ya Taifa ya Kurasini jijini Dar es Salaam na yale ya Kikombo mkoani Dodoma ni ya Serikali. Mengine mengi yameanzishwa na mashirika ya dini na ya hiari, na yamelea watoto ambao bila hayo wasingekuwepo leo. Iko pia hali ambayo nyumba ya mtu haitoshi kabisa. Msichana wa Tarime au Serengeti aliyekimbia kukeketwa wakati wa likizo ya Desemba, huku ukoo mzima ukimtafuta, anahitaji geti, mlinzi na wenzake waliopitia yale yale. Nyumba salama za Masanga na Mugumu zimewahifadhi wasichana wa aina hiyo, na Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyepitia mwenyewe machungu ya kukeketwa, ameifanya kazi hiyo ijulikane mbali.

Lakini wengi wa watoto wanaotolewa kwao kwa dharura hawahitaji geti. Wanahitaji siku kadhaa au wiki kadhaa za utulivu wakati wakubwa wakitafuta ukweli. Tanzania Bara ina mikoa 26. Mtoto wa Nkasi au wa Tunduru akipelekwa makao yaliyo mkoa wa jirani, anapoteza kwa mpigo mmoja shule yake, rafiki yake, mwalimu anayejua kwamba haoni vizuri akikaa nyuma, na bibi ambaye huenda angepatikana baada ya siku mbili katika kijiji cha pili. Akilala katika kata yake, Jumatatu anaweza kuingia darasani kwake na sare yake. Kwa mtoto ambaye kila kitu kimevunjika, kuitwa jina lake kwenye mahudhurio ni jambo kubwa.

Kwa watoto wachanga hoja ni nzito zaidi. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, na moja ya mambo iliyosisitiza ni kuwa watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe katika mazingira ya familia. Sababu yake tunaijua vizuri kwa mateso ya watoto wa Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliwaona watoto wengi mno waliojazwa kwenye taasisi, wakilishwa na kuogeshwa kwa zamu, hawana mtu mmoja wa kwao. Kuanzia mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za jiji la Bucharest. Nusu waliwekwa kwenye familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Matokeo ya kupima akili yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 2007: waliohamia kwenye familia walikuwa wamewapita wenzao, na waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka 2 ndio walionufaika zaidi. Mwili wa mtoto mchanga hudai uso mmoja, sauti moja, mikono ile ile. Akinyimwa, ubongo wenyewe hukua vibaya.

Katika habari hiyo ya Bucharest kuna jambo ambalo husomwa haraka haraka, nami naliona ndilo lenye somo kwetu. Watafiti walipofika, malezi ya kambo yalikuwa karibu hayapo katika jiji lile. Ilibidi waanze kwa kutafuta familia, kuzihoji, kuzifundisha na kuzitembelea. Wazazi wenye moyo walikuwepo siku zote, hawakuwahi kuombwa.

Majirani zetu wameshaomba na wakapata. Rwanda, mwaka 2012, ilikuwa na watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa wakiishi katika vituo zaidi ya 30. Serikali ikaamua warudishwe kwenye familia, na pamoja na mpango huo wakaandaliwa walezi wa kujitolea wanaoitwa Malayika Mulinzi, jina ambalo Mswahili hahitaji kuelezewa. Kenya nayo ilitunga Sheria ya Watoto mpya mwaka 2022, ikaitambua kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wako, kama njia halali, na mwaka huo huo ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuondokana na kutegemea vituo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mkoani Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu na nyingine zilizopokea Warundi kuanzia 2015, watoto waliovuka mpaka bila mzazi walipokewa na familia za wakimbizi wenzao. Watu waliokuwa wakiishi kwenye mahema, wakisubiri mgao wa unga na maharage, walikubali kuongeza sahani. Mimi nikifikiria hilo, sijui sisi wenye nyumba za matofali tuna udhuru gani.

Sasa nikwambie kazi yenyewe ikoje, kwa sababu wengi huogopa wasichokijua.

Kazi kubwa iko usiku wa kwanza. Mtoto anafika akiwa amechoka, pengine amelishwa soda na biskuti kituoni, pengine hajala kabisa. Mwambie jina lako. Mwambie ni nani wengine wanaoishi humo, wakiwemo wale waliolala, ili asikutane na mwanamume asiyemjua koridoni saa tisa usiku. Mwonyeshe choo kilipo na jinsi taa inavyowashwa. Mpe chakula cha kawaida, kile anachokijua. Mtoto aliyezoea ugali wa muhogo hatafurahishwa na chipsi usiku huo. Muulize kama anapenda mlango ufungwe au uachwe wazi. Alale kitanda chake peke yake, au mkeka wake peke yake, mahali ambapo mlezi anaweza kumsikia. Asilazimishwe kukuita mama. Shangazi, bibi, mama mdogo, anti, lolote litakalotoka kinywani mwake lenyewe linatosha.

Usimhoji. Hili nalisema kwa mkazo, maana huruma yetu ina tabia ya kuuliza. Ameshaeleza kwa askari, ameshaeleza kwa daktari, na ataeleza tena mbele ya Mahakama ya Watoto au mahali pengine. Kila anapoambiwa arudie, kidonda kinafunguliwa upya, na maelezo yenyewe yanaweza kuharibika kwa maswali yetu. Akianza kusema kwa hiari yake, sikiliza, usishtuke usoni, mwambie umefanya vizuri kuniambia, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema na umpe afisa. Usimwahidi kwamba hatarudi kwao kamwe, wala usimwahidi kwamba kesho atarudi. Hujui. Mwambie unachokijua: leo unalala hapa, kesho asubuhi tutakunywa chai, halafu afisa atakuja.

Kuna jambo la kitabibu ambalo kila mlezi wa dharura na kila mzazi anapaswa kulijua. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kumkinga na maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa. Asiogeshwe kabla daktari hajamwona. Nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi; mfuko wa plastiki hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana huko Ilala, daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na mtoto hazungushwi mjini.

Siku zinazofuata zina mambo yake. Atakojoa kitandani, hata akiwa na miaka 11. Atakuta mkate mezani na utakuja kuuona chini ya mto wake. Mwingine atakuwa mtiifu kupita kiasi, anafagia kabla hujaamka, anaomba ruhusa hata ya kunywa maji, na wageni watamsifu kwa adabu. Huyo ndiye wa kumwangalia kwa makini, kwa maana utii ule amefundishwa kwa kipigo. Mwingine atavunja vitu. Atakujaribu aone kama na wewe utapiga. Katika nyumba ya kuaminika fimbo haipo, na asiyeweza kuiweka fimbo chini kabisa asijiandikishe, hata akiwa na nia njema.

Hapa naomba niseme jambo linaloumiza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo watu ambao, wakisikia mtoto anatafutiwa nyumba, huwaza mikono ya kuteka maji, kulea kichanga chao na kuuza karanga barabarani. Tunajua ni watoto wangapi wa vijijini walioletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa wakaishia jikoni. Mtoto aliyekabidhiwa kwako na Serikali si mgeni wa jembe. Atatandika kitanda chake na ataosha sahani yake kama watoto wako, zaidi ya hapo aende shule, acheze, alale. Afisa ana haki ya kufika bila hodi ya siku moja kabla, na mlezi mwema hufurahi anapofika.

Na hofu zenu nazijua. Mtu atasema: wazazi wake wakija kunivamia? Ndiyo maana anapoishi mtoto hapatangazwi. Mtoto hapigwi picha, hawekwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wala la mtaa, na jirani akiuliza anajibiwa kwamba tuna mgeni. Inatosha. Penye tishio la kweli, mtoto huhamishwa na polisi huhusika. Mwingine atasema: nikisingiziwa? Fuata utaratibu uliofundishwa, andika kila tukio kwenye daftari, usijifungie chumbani na mtoto, na mwarifu afisa hata jambo dogo siku ile ile. Utaratibu huo unamlinda mtoto dhidi ya walezi wabaya, ambao nao hujaribu kujipenyeza, na unakulinda wewe uliye mwema.

Hofu ninayoisikia mara nyingi kuliko zote ni ya mazoea: nitampenda, halafu waje wamchukue. Ni kweli, watamchukua. Familia ya kuaminika ni ya dharura. Afisa akishapata ukweli, mtoto atarudi kwa mzazi aliyesaidiwa akatengemaa, au ataenda kwa ndugu aliyechunguzwa, au atapata malezi ya kambo ya muda mrefu, au ataasiliwa. Utalia siku ya kuondoka, na watoto wako watalia. Lakini mtoto yule ataondoka akijua kwamba mtu mzima anaweza kumkasirikia bila kumpiga, na kwamba kuna nyumba ambazo usiku hupita salama. Maarifa hayo hayanyang'anywi na mtu. Ukiogopa kumpenda kwa sababu ataondoka, utakuwa umemwacha benchi ili wewe usiumie.

Kwa wenzangu wenye imani, sina la kuwafundisha. Misikiti yetu inaijua fadhila ya kumlea yatima, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 uliitaja kafala kwa jina lake. Makanisa yetu yamejenga makao mengi kuliko mtu awezavyo kuyahesabu kwa vidole. Ombi langu ni dogo na ni jipya kidogo. Kila Idi na kila Krismasi tunakwenda kwenye makao ya watoto na magunia ya mchele, mafuta, sabuni na katoni za juisi, tunapiga picha, tunarudi. Endeleeni kupeleka mchele. Lakini mwaka huu imamu na mchungaji wasimame mbele ya waumini na kuuliza: katika jamaa hii, ni nyumba zipi mbili au tatu zinazoweza kumpokea mtoto usiku? Wengine wazitegemeze nyumba hizo. Mmoja atoe godoro, mwingine aahidi nguo za mtoto wa umri wowote, mwingine fundi atengeneze dirisha la chumba cha akiba, mwingine awe na pikipiki inayoweza kumpeleka mtoto hospitali. Mlezi wa kujitolea asiachiwe gharama zote kwa sababu tu alikubali kwanza.

Kwa madiwani wetu nina neno la moja kwa moja. Maafisa ustawi wa jamii wa wilaya wako chini ya halmashauri, na bajeti yao inapita mikononi mwenu. Sheria ya Mtoto imeibebesha serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Ulizeni katika kikao kijacho: kata yangu ina familia ngapi zilizoidhinishwa? Mara ya mwisho zilifundishwa lini? Afisa akimwokoa mtoto usiku, nauli na chakula cha siku tatu za mwanzo vinatoka fungu gani? Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata hukutana? Kama jibu la maswali haya ni kimya, wekeni fungu, hata dogo. Sabuni, unga, sukari, nauli, mashuka. Ni fedha ambayo diwani yeyote anaweza kuitetea mbele ya wapiga kura wake bila kutafuta maneno.

Walimu, wauguzi, wajumbe, wenyeviti wa mitaa na vijiji, waendesha bodaboda wa stendini: ninyi ndio mnaoona kwanza. Sheria inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya eneo lake. Namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, na kupiga ni bure. Na tafadhali, mkimkuta mtoto aliyepotea au kichanga kilichotupwa, msimchukue kimya kimya kwenda kumlea, hata kama mnampenda na mmekosa mtoto kwa miaka mingi. Pengine yupo mama anayemtafuta akilia. Toeni taarifa kwanza. Kisha, kama nyumba yenu inafaa, afisa atajua pa kuwapata.

Anayetaka kujiandikisha afanye hivi. Aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake, au aanze na afisa wa kata, aseme anataka kuwa familia ya kuaminika. Kwa Zanzibar, ambako Sheria ya Mtoto ni ile ya mwaka 2011, aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya huko utaratibu wa kumpokea mtoto kwa muda. Ajiandae kuulizwa maswali mengi kuhusu afya yake, kipato chake, ndoa yake, hasira zake, watu wote wanaolala katika nyumba hiyo na wanaokuja mara kwa mara. Majirani wataulizwa, serikali ya mtaa itaulizwa. Watoto wa nyumba hiyo nao waulizwe kama wako tayari kugawana chumba chao, na hata mama yao, na mtoto mgeni. Akiona maswali yamezidi, akumbuke yanaulizwa kwa niaba ya mtoto ambaye bado hajafika na asiye na mtu mwingine wa kumuulizia.

Anaweza pia kusema mapema anachokiweza na asichokiweza: nachukua wachanga tu, nachukua ndugu wawili wasitenganishwe, naweza mwisho wa wiki, naweza wakati wa likizo kwa sababu nafundisha. Hakuna aibu katika kuwa na mpaka. Afisa anayejua mipaka ya kila nyumba hatamkosea mtoto.

Ongea na mwenzako wa nyumbani leo jioni, mkubaliane, kisha nendeni ofisini wiki hii, kabla simu haijapigwa. Muulizeni afisa orodha ya kata yenu ina nyumba ngapi, na mwombeni aiandike yenu.